Muulize Mkandaji Nani Hamgusi

Kibao kimesimikwa kando ya barabara, herufi nyekundu juu ya bati jeupe: masaji, hijama, kunyoosha viungo, kukanda waliopooza. Chini yake mistari inaendelea: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, kukosa usingizi, uzazi, nguvu za kiume, kutoa sumu mwilini. Mwisho kabisa, namba ya simu. Vibao vya aina hii utavikuta Buguruni, utavikuta Mwembe Tayari, utavikuta Darajani. Ninavisoma kwa jicho la mtu wa fiziotherapia, na kila kimoja kina orodha ndefu ya maradhi ambayo mwenyewe anayaweza. Sijakutana na hata kimoja chenye orodha ya pili, ya watu ambao mwenye kibao hawagusi.

Sina ugomvi na tiba za mikono. Kukanda, kuchua, kunyoosha, kuumika, akupancha, kubonyeza nyayo: baadhi yake zinasaidia, na ushahidi upo. Ugomvi wangu ni na mtu anayempokea kila anayeingia mlangoni. Ukinitaka nikuambie mkandaji fulani anajua kazi au hajui, sitamuuliza amesomea wapi wala mafuta yake ni ya nini. Nitamuuliza mara ya mwisho alimrudisha nani bila kumkanda, na kwa nini.

Nianze na haki yao. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa namna ya kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji. Tatizo lenyewe si dogo: mwaka 2020 lilikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani, na makadirio ni kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050. Mwongozo ukapendekeza kumwelimisha mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, dawa za kutuliza uvimbe na maumivu, na katika orodha hiyo hiyo ukaweka kukandwa, kunyooshwa mgongo kwa mikono na akupancha. Hata dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa pilipili kichaa imepata nafasi. (Msikimbilie jikoni. Inazungumzwa dawa iliyopimwa, si pilipili ya kinu, na mgongo ukishababuka hakuna wa kuukanda.) Mwongozo huo huo haukuipendekeza mikanda ya kiuno inayouzwa mpaka kwenye foleni za magari, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala mashine ya mawimbi ya sauti ambayo bado inatumika katika vyumba vingi vya fiziotherapia. Yaani mkandaji wa mtaani, yule mama wa mafuta ya nazi, amefaulu mtihani ambao mashine ya hospitali imefeli.

Ila kuna sharti ambalo wapenda masaji hulipita haraka. Mwongozo unahusu maumivu ambayo nyuma yake hakuna ugonjwa mwingine unaoyaleta: hakuna mfupa uliovunjika, hakuna usaha, hakuna saratani. Kabla ya mkono kugusa mgongo, mtu alishakaa akawatenga wale ambao mkono hauwafai.

Sasa mkono wenyewe unafanya nini? Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 unafundisha kuliko maelezo mengi ya wauza tiba. Wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilichomwa sindano za Kichina, yaani akupancha, kama wataalamu wa Kichina wanavyoelekeza. La pili lilichomwa sindano za kuzuga, juu juu tu, sehemu ambazo si zile za kwenye ramani ya mwili. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida: dawa, fiziotherapia, mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu katika kundi la sindano halisi walikuwa asilimia 47.6. Sindano za kuzuga zikaleta asilimia 44.2. Matibabu ya kawaida, asilimia 27.4.

Mtetezi wa akupancha ataishika ile 47.6 na kushangilia. Mpinzani ataishika ile 44.2 na kucheka. Mimi inanishughulisha ile 27.4, kwa sababu hao ni wagonjwa wetu. Ramani ya sindano haikuonyesha maana kubwa, lakini kulazwa kitandani, kuguswa, kusikilizwa, na kurudi tena na tena kwa mtu yule yule anayekujua, inaelekea vilileta kitu ambacho matibabu ya kawaida hayakuleta.

Sehemu ya kitu hicho tunaifahamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu zikifika kwenye uti wa mgongo hukutana na aina ya lango, na kwamba taarifa za mguso zinaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua bila kufundishwa. Baadaye ikajulikana kwamba ngozi yenye vinyweleo ina neva za pekee zinazoitikia mkono unaopita taratibu, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, mwendo ule ule wa mama anayempapasa mtoto apate kulala. Neva hizo hazipeleki habari ya umbo wala uzito wa kitu kilichogusa ngozi. Zinapeleka habari ya utulivu. Misuli iliyokuwa imejikaza kwa hofu ya maumivu inalegea, usingizi unakuja, na kesho yake mtu anathubutu kutembea. Kutembea huko ndiko kunakomponya. Mkandaji amemfungulia mlango tu, na nafuu ya mikono peke yake kwa kawaida haidumu wiki nyingi.

Hayo yanatosha kumpa mkandaji heshima yake. Tatizo ni kwamba maelezo ya kweli hayauzi kama ya uongo. Muulize mchua misuli yeyote anafanya nini kwenye paja la mchezaji baada ya mechi, atakwambia anatoa asidi. Asidi ya laktiki haimsubiri mchua misuli. Mwili wenyewe unaisafisha ndani ya saa moja hivi baada ya mchezo, mchezaji akiwa bado yuko kwenye basi. Na sumu zinazosemwa kutolewa na masaji, au na vile vibandiko vya nyayo vinavyobadilika rangi usiku, hakuna aliyewahi kuzitaja kwa jina. Ini na figo zinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila kulipwa.

Kuna jambo moja la sauti. Kwenye baadhi ya saluni za wanaume, ukishanyolewa na kupakwa spiriti, kinyozi anakuja nyuma ya kiti. Anakubonyeza mabega, anakugonga mgongo kwa kingo za viganja, anakukanda kichwa. Mpaka hapo ni raha na sina neno. Kisha anakushika kidevu kwa mkono mmoja, kisogo kwa mwingine, anakuambia ulegee, na bila kukuonya anaizungusha shingo upande mmoja. Tak! Halafu upande wa pili. Wateja walioko kwenye benchi wanacheka kwa kuridhika, kama kwamba kitu kilichokuwa kimekaa vibaya kimerudi mahali pake.

Hakuna kilichorudi. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipiga picha za MRI vidole vikialishwa, na kilichoonekana wakati wa mlio ni nafasi ya gesi ikijitengeneza ghafla ndani ya ute wa kiungo. Mlio si mfupa. Wala hauleti baridi yabisi kama bibi zetu walivyotutisha: daktari wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 na ule wa kulia akauacha, kisha akalinganisha. Mikono haikutofautiana, naye akapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2009. Lakini kidole si shingo. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo, na ikizungushwa kwa nguvu ya ghafla ukuta wake wa ndani unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na bonge likapanda juu. Ni nadra, sikatai. Ila anayepatwa mara nyingi ni mtu wa makamo au kijana, na kinachofuata ni kiharusi. Mtu aliyezungushwa shingo kisha akapata maumivu ya kisogo ambayo hajawahi kuyaonja, au akaona vitu viwili viwili, au ulimi ukawa mzito, asirudi saluni kuzungushiwa upande wa pili. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

Wala tusidhani kutia chumvi ni ugonjwa wa vibao vya bati peke yake. Taaluma ya kairopraktiki, yenye vyuo na mawakili huko ng'ambo, ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895, pale D. D. Palmer alipodai kumrudishia usikivu mfanyakazi wa jengo kwa kumnyoosha mgongo, kisha akajenga juu yake nadharia kwamba karibu maradhi yote yanatokana na pingili zilizohama. Zaidi ya karne moja baadaye, mwandishi Simon Singh alipoandika katika gazeti la The Guardian mwaka 2008 kwamba hakuna ushahidi wa kunyoosha migongo ya watoto wenye pumu na msokoto wa tumbo, chama cha wanataaluma hao cha Uingereza kilimburuza mahakamani. Mwaka 2010 kikaiondoa kesi. Kwa kiuno kinachouma, wana hoja. Kwa pumu ya mtoto walitakiwa kusema hapana.

Hijama inahitaji nafasi ya kutosha, maana inakua kwa kasi mijini kwetu. Si ngeni pwani. Wazee waliumikwa kwa chuku, pembe ya ng'ombe au ya mbuzi iliyotobolewa ncha, mwumikaji akavuta hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta. Leo pembe imeachia nafasi kikombe cha plastiki na pampu ya mkono inayofanana na bastola ya kuchezea. Michael Phelps alipojitokeza kwenye bwawa la Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miduara ya zambarau mabegani, hata wasioijua wakaijua, ingawa ile yake ilikuwa kavu, bila kuchanjwa.

Ya kwetu kwa kawaida ni ya damu. Kikombe kinabandikwa, ngozi inavimba kama andazi, kinabanduliwa, mhijamishaji anachanja mistari midogo kwa wembe, anakirudisha. Damu inajikusanya, inakuwa nzito na nyeusi, inatikisika kama jeli. Hapo anakuita uangalie: "Unaona uchafu huo?" Ni damu yako tu. Imetoka kwenye mishipa midogo, imekaa kikombeni dakika kadhaa, imeganda, kama ambavyo damu yoyote yenye afya ingeganda. Ukimwumika malaika, damu yake itaganda vile vile.

Anayefanya hijama kwa kufuata sunna, akazingatia hata tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu, ana sababu ambayo haihitaji kibali cha maabara. Na wapo wanaopata nafuu ya shingo na mgongo kwa siku kadhaa. Tafiti ndogo ndogo zimeionyesha, ijapokuwa ni vigumu kumficha mtu asijue kama amechanjwa au hakuchanjwa. Lakini fiqhi yenyewe inamtwika dhamana mtu anayejitia kutibu bila kujulikana kuwa na ujuzi wa tiba. Basi tuulize maswali ya dhamana. Wembe umefunguliwa mbele yangu? Vikombe vinatupwa, au vinasuuzwa kwa sabuni na kumngoja mwingine? Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye tone lililokauka ambalo jicho halilioni. Kikombe kilichosuuzwa leo asubuhi bado kina habari ya mteja wa Jumatatu.

Na tuulize lile kubwa: unamrudisha nani? Mwenye upungufu wa damu hapaswi kupunguzwa hata hicho kidogo. Anayemeza warfarini damu yake haitakata upesi. Mwenye siko seli, mjamzito, mwenye kisukari ambaye vidonda vyake haviponi, hao wote mwumikaji anayejua kazi anawapa kiti, anawapa maji ya kunywa, na anawaambia waende wakaonwe na daktari. Nimewaona wa namna hiyo. Mmoja alinieleza, bila kujisifu, kwamba anapima presha na kuangalia weupe wa kope kwanza kabla hajafungua sanduku. Huyo ningempeleka ndugu yangu.

Kwa mama mzazi mambo ni ya ndani zaidi, maana hapa mkandaji ni mama, bibi au somo, na kukataa ni kukosa adabu. Mama aliyejifungua anakandwa kwa taulo la maji ya moto, anachuliwa mafuta, anafungwa mkaja, anakaa ndani siku arobaini. Mengi katika hayo ni mazuri kuliko yale mama wa mjini mwenye kazi ya ofisi anayoyapata: analishwa, anapumzishwa, mtu mwingine anambeba mtoto. Maji yasiwe ya kuunguza, hasa karibu na mshono, na hapo ningenyamaza kama isingekuwa suala la miguu.

Wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua ndizo wiki ambazo damu ya mwanamke ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Wiki 6 ni siku 42, karibu arobaini ile ile. Na yuko ndani, amelala zaidi ya anavyotembea, pengine ametoka kwenye upasuaji. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto, ukauma kwenye shavu la mguu, kila mtu ndani ya nyumba atasema achuliwe. Ukichuliwa kwa nguvu, bonge linaweza kung'oka likapanda mapafuni, na mama akafa akiwa mikononi mwa watu wanaompenda. Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida. Mguu mmoja, hapana: mafuta yawekwe chini, itafutwe gari. Na katika siku hizo arobaini atembee, hata kama ni ukumbini na uani tu.

Kuhusu kupindua mtoto tumboni sitasema mengi. Madaktari nao wanalifanya, karibu na wiki ya 37, wakifanikiwa kama nusu ya mara wanazojaribu, lakini wanalifanya wakiwa na picha ya ultrasaundi, wakisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kikiwa jirani kwa sababu kondo linaweza kubanduka. Mkunga wa mtaani hana chumba hicho.

Mgonjwa anayenitia hofu kuliko wote hana dalili ya kutisha. Ni kijana, dereva wa bodaboda tuseme, anaumwa mgongo wa katikati. Kila mtu anajua kwa nini: pikipiki, mashimo, mizigo. Anakandwa Ijumaa baada ya Ijumaa, anapata nafuu ya usiku mmoja, anarudi. Wakati huo amejiongezea tundu jipya kwenye mkanda wa suruali kwa msumari. Jioni anasikia baridi, anameza dawa ya malaria. Usiku analowesha shuka kwa jasho. Siku moja mkandaji anapapasa na kukuta kinundu katikati ya uti, anafikiri pingili imetoka nje, anaibonyeza irudi.

Hicho ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, kisicho na kikohozi, kilichokwisha kula pingili mbili mpaka zikaanza kulaliana. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779 na bado uko kwetu. Dawa zake zinatolewa bure katika vituo vya serikali, na ukiwahiwa mtu anatembea. Ukichelewa anapooza miguu, na kubonyezwa hakumsaidii. Mgongo unaouma usiku kuliko mchana, mgongo wenye homa, mgongo wa mtu anayekonda, mgongo wa mtu aliyewahi kuwa na saratani, mgongo unaoambatana na ganzi kwenye makalio na sehemu za siri au mkojo kukataa: hiyo si migongo ya kukandwa. Kuikumbuka orodha hiyo hakuhitaji shahada.

Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili watoa tiba. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliagiza kiundwe chombo cha kuzisimamia tiba hizi. Lakini cheti ukutani hakisemi lolote kuhusu kinachotokea mgonjwa asiyefaa anapoingia, na hapo kuna suala la pesa ambalo wasimamizi hawaligusi. Mchua misuli wa timu ya mpira ana mshahara. Mchezaji akilala chini ameshika goti, mchua misuli akipeleleza kwa vidole na kuona si kazi yake, anainua mikono kuita machela, na mwisho wa mwezi analipwa vile vile. Mkandaji wa mtaani analipwa kwa kichwa. Kila anayemrudisha ni hela ya unga iliyoondoka, na pengine ni mteja aliyehamia kwa jirani ambaye hamrudishi mtu.

Kwa hiyo kumhubiria mkandaji awe mwangalifu hakutoshi. Upande wa pili nao uwe tayari kumpokea anayemtuma. Njia ipo, na imeshatumika: katika mapambano dhidi ya kifua kikuu, waganga wa tiba asili nchini Tanzania wameshashirikishwa kuibua wagonjwa, wanamsikia mtu akikohoa na kumpeleka kituoni. Wakandaji, wahijamishaji na vinyozi waongezwe humo, na kwenye maswali ya kikohozi liongezwe la mgongo na la mguu mmoja uliovimba. Kisha mwenye bodaboda akifika kituo cha afya na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono na mama wa mafuta ya nazi, dirishani wakisome, avue shati, mtu ampapase uti kwa vidole, badala ya kukatiwa diklofenaki akiwa bado amesimama.